Damu, Dagaa na Mtoto Asiyetulia

Mabuyu yanayouzwa Malindi ni mekundu kiasi kwamba mtoto akimaliza pakiti moja, ulimi, vidole na kifua cha shati la shule vyote hutoa ushahidi. Ndiyo maana yakawa mshtakiwa wa kwanza. Mwalimu akimwita mzazi kumweleza kwamba mwanawe hatulii kitini, anachomoka katikati ya somo, anasahau kalamu, daftari na neno aliloambiwa punde tu, swali linalofuata huwa: kwani anakula nini? Na mzazi, ambaye njiani alikuwa akijiuliza hayo hayo, hutaja mabuyu, peremende, soda na ile juisi ya unga ya shilingi 10.

Shutuma hizo si za Pwani peke yake. Mwaka 1975 daktari wa mzio wa California, Benjamin Feingold, alichapisha kitabu akidai kwamba rangi na ladha za viwandani ndizo zinazowavuruga watoto, na wazazi wengi wa Marekani wakamfuata, wakatupa nusu ya vilivyokuwa kabatini. Dai hilo lilibishaniwa kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kilitangaza matokeo ya watoto 153 wa miaka mitatu na 144 wa miaka minane na tisa. Majuma mengine walikunywa juisi iliyotiwa mchanganyiko wa rangi za chakula na sodiamu benzoeti, majuma mengine juisi ya sura na ladha ile ile isiyo na vitu hivyo. Mtoto hakujua ni ipi, mzazi hakujua, wala mwalimu. Mchanganyiko huo uliongeza utukutu, lakini kidogo, tena kwa watoto wa kawaida, si wale tu waliotambuliwa kuwa na tatizo. Tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye rangi yoyote kati ya sita zilizoshukiwa kibandikwe onyo kwamba huenda kikaathiri utulivu wa watoto. Tatrazini, ile rangi ya manjano ya soda na peremende, imo kwenye orodha hiyo. Mabuyu ya kufungwa nyumbani katika karatasi ya nailoni hayana pa kubandika onyo, na anayeyapika hupima rangi kwa jicho.

Basi kuyapunguza hakuna hasara. Lakini mtoto mwenye tatizo hasa akiachishwa mabuyu atabaki na tatizo lake, na ulimi safi.

Sukari nayo imesingiziwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walizibadilishia familia chakula chote cha nyumbani kwa majuma tisa: majuma matatu sukari tele, matatu aspatemu, matatu sakarini. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo ambao wazazi wao waliapa kwamba sukari huwapandisha wazimu. Vipimo vya tabia na akili havikuonyesha tofauti. Mwaka huo huo watafiti wengine waliwachukua wavulana 35 wa miaka mitano hadi saba, wakawapa wote kinywaji kisicho na sukari, kisha wakawaambia nusu ya akina mama kwamba mtoto wako amekunywa sukari nyingi. Akina mama hao waliwaona wana wao kuwa watundu zaidi, wakawasogelea zaidi na kuwakemea zaidi. Ni kama tunavyoilaumu halwa siku ya Idi, ilhali mtoto anakimbia kwa sababu ni Idi, ana nguo mpya, na binamu zake wote wamo uani.

Mshtakiwa akishapatikana hutafutwa mwokozi, naye yumo kwenye chupa. Mama anaingia kemisti mjini Malindi na kuuliza, “Daktari, kuna ile ya kuongeza akili?” Mwenye kuuza pengine si daktari, ila Pwani aliye nyuma ya kaunta ya dawa ni daktari mpaka ithibitike vinginevyo. Mkono unapanda rafu ya juu: dawa ya maji ya vitamini, vidonge vya kutafuna vyenye umbo la dubu, na mafuta ya samaki. Bei ya chupa moja yaweza kulisha nyumba siku kadhaa.

Mafuta ya samaki ndiyo yaliyochunguzwa zaidi. Yana asidi za mafuta za omega-3, na mbili kati yake, DHA na EPA, zimo katika utando wa seli za ubongo. Mwaka 2011 Michael Bloch na Ahmad Qawasmi wa Chuo Kikuu cha Yale walikusanya majaribio 10 yenye watoto 699 waliotambuliwa kuwa na ADHD, yaani wale ambao kukosa utulivu na kushindwa kuweka akili mahali pamoja kumewazidi wenzao wa rika lao, kwa miezi sita au zaidi, nyumbani na shuleni pia. Mafuta yalisaidia, lakini msaada wake haukufikia nusu ya ule wa dawa za hospitali. Tathmini ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2023, iliyokusanya majaribio mengi zaidi, ilikuwa baridi zaidi: ushahidi kwamba yanabadilisha dalili kwa kiasi cha kuonekana ni hafifu.

Jaribio moja dogo la Taiwan, lililochapishwa mwaka 2019, lilifanya jambo ambalo mengi hayakufanya. Liliwapima watoto damu kwanza. Waliokuwa na EPA kidogo mwilini walinufaika kwa kupewa gramu 1.2 kila siku kwa majuma 12. Waliokuwa nayo ya kutosha hawakupata nafuu hiyo, na katika kipimo cha pupa ya kutenda bila kufikiri waliboreka kidogo kuliko waliopewa dawa tupu. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu tutakutana nalo tena katika madini ya chuma na ya zinki: kirutubisho humfaa aliyepungukiwa nacho, na aliyetosheka huambulia gharama, pengine na madhara juu.

Isitoshe, ni kichekesho kununua samaki ndani ya chupa mita chache kutoka bandari ya wavuvi. Ni kweli kwamba jodari, nguru na kolekole wazuri hununuliwa kwa ajili ya hoteli na Mombasa kabla mama mwenye kikapu hajafika. Lakini dagaa na vibua hubaki, na mama karanga huwakaanga jioni kando ya njia kwa bei ambayo hata kibarua huimudu. Samaki hao wadogo wenye mafuta ndio hasa wenye omega-3 nyingi. Dagaa anayeliwa mzima, kichwa na miiba, ana chokaa, zinki na madini ya chuma pia, vitu ambavyo chupa ya mafuta haina. Shida ni ya walioko bara ya Kaunti ya Kilifi, Ganze au ndani ya Magarini, ambako bahari iko mbali na mfuko na samaki ni wa siku ya mshahara. Huko dagaa waliokaushwa, wakasagwa na kutiwa kwenye mboga au uji, hufanya kazi ile ile.

Tahadhari moja kabla hatujaiacha chupa. Mafuta ya ini la samaki si sawa na mafuta ya samaki. Ya ini yana vitamini A na D kwa wingi, na vitamini A haitoki kwa mkojo ikizidi; hukaa mwilini ikilimbikizana hadi kudhuru ini na mifupa. Mzazi anayeongeza kijiko akitumaini akili itaongezeka pamoja nacho anajaribu jambo la hatari.

Mimi ningeulizwa nianze wapi kwa mtoto wa Kilifi asiyeweza kumsikiliza mwalimu, ningeanza na damu.

Mtoto aliyepungukiwa madini ya chuma huchoka upesi, hukasirika ovyo, husahau, na macho yake huwa ubaoni wakati akili haipo. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana namna ya kumtofautisha na mwenye ADHD. Ubongo unatumia madini hayo kutengeneza dopamini, kemikali ile ile ambayo dawa za ADHD huiongeza. Jijini Paris, mwaka 2004, Eric Konofal na wenzake waliwapima watoto 53 wenye ADHD na 27 wasio nayo. Asilimia 84 ya wenye ADHD walikuwa na akiba ndogo ya chuma, dhidi ya asilimia 18 ya wenzao. Miaka minne baadaye walichukua watoto 23, wakawapa 18 kati yao miligramu 80 za madini ya chuma kila siku kwa majuma 12 na watano dawa tupu, na kwa waliopewa chuma dalili kadhaa zikapungua. Watoto 23 ni wachache mno kujengea sera, lakini wanatosha kumfanya daktari aulize swali.

Ikiwa Paris kuna upungufu, Kilifi je? Hapa chuma hupotea kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni safura. Minyoo yake huingia kwa nyayo zinazokanyaga udongo wenye unyevu na kinyesi, hupanda hadi utumbo, hung'ata na kufyonza damu mchana na usiku. Mpango wa taifa wa kuwapa wanafunzi dawa ya minyoo shuleni ulipanuliwa mwaka 2012, na Pwani ni miongoni mwa maeneo yake makuu. Jaribio la TUMIKIA lililofanyika Kwale kati ya 2015 na 2017 lilionyesha kwamba kumtibu kila mtu kijijini, wakubwa kwa wadogo, hupunguza safura zaidi kuliko kuwatibu wanafunzi pekee. Mtoto anameza kidonge shuleni, halafu anarudi kucheza peku kwenye udongo ambao babu na nyanya bado wanauambukiza.

Wa pili ni sahani, na nitaurudia.

Wa tatu ndio uliowashangaza hata wataalamu. Tangu 1989 mji wa Kilifi una kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kando ya hospitali ya kaunti, na malaria ndiyo imekuwa kazi yake kubwa. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba malaria hupunguza damu. Mwaka 2021 John Muriuki, Sarah Atkinson na wenzao walikwenda mbali zaidi. Walitumia ukweli kwamba watoto waliorithi jeni moja tu ya selimundu hukingwa na malaria tangu kuzaliwa. Kama malaria huleta upungufu wa chuma, basi watoto hao wanapaswa kuwa na chuma zaidi kuliko majirani zao, na palipo na malaria ndivyo ilivyokuwa. Njia yenyewe ni hii: vimelea vikiingia, ini humwaga homoni iitwayo hepsidini, nayo hufanya kazi ya bawabu, ikifunga mlango wa utumbo ili chuma kisipite. Mtoto anaweza kula nyama na kumeza kidonge, na chuma kikapita tumboni hadi chooni. Kila homa hurudisha bawabu mlangoni.

Ukilifuata hilo hadi mwisho, chandarua kinahesabika miongoni mwa virutubisho. Kilifi ndiko kulikofanyika, katikati ya miaka ya 1990, mojawapo ya majaribio yaliyothibitisha kwamba vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto; hapa vilipungua kwa thuluthi moja. Wakati ule hakuna aliyefikiria kuhesabu pia ni watoto wangapi wangeweza kufuatilia hesabu za darasa la tatu kwa sababu yake. Nashuku ni wengi.

Kuna na malaria iliyopanda kichwani. Wazee wa Pwani waliiita nyuni, ndege anayempitia mtoto juu na kumwacha akijinyonga kwa degedege, na hirizi nyingi zimevaliwa dhidi yake. Julie Carter, Charles Newton na wenzao wa Kilifi waliwafuatilia watoto waliowahi kulazwa kwa malaria kali na, katika ripoti ya mwaka 2005, karibu mmoja kati ya wanne alikutwa na angalau kasoro moja, ya lugha, kumbukumbu, mwendo au tabia, miaka kadhaa baada ya kutoka hospitalini. Kampala nako, Paul Bangirana, Michael Boivin na Chandy John walipowapima watoto miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, uwezo wa kuweka makini ndio uliokuwa umeumia zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mama wa mtoto asiyetulia huenda lisiwe anakula nini. Huenda likawa: akiwa mdogo, aliwahi kulazwa? Alipata degedege? Na bado anapata? Kwa sababu kuna kifafa kisichoangusha mtu, mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu, na darasani huonekana ni mwenye ndoto za mchana. Hakuna mafuta ya samaki yatakayomsaidia huyo.

Mwaka 2017 Symon Kariuki, Amina Abubakar na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya watoto 3,000 wa Kilifi wenye umri wa mwaka mmoja hadi sita. Asilimia 13 walikuwa na matatizo ya tabia au hisia, na degedege ni miongoni mwa mambo yaliyohusishwa nayo. Si wote hao wana ADHD, ambayo duniani hukadiriwa kuwa kwa karibu asilimia 5 ya watoto. Ila idadi hiyo inatosha kuonyesha kwamba mtoto wako hayuko peke yake, wala hajarogwa.

Msomaji atasema: basi tumpe kila mtoto dawa ya kuongeza damu. Watu wenye elimu kubwa walisema hivyo hivyo, wakaenda kujaribu Pemba.

Walikuwa na sababu nzuri. Pemba ilikuwa na watoto wengi sana wenye upungufu wa damu, na jaribio la awali kisiwani humo, lililochapishwa mwaka 2001, lilikuwa limeonyesha kwamba watoto waliopewa chuma kwa mwaka mzima walisonga mbele katika lugha na viungo. Ndipo likapangwa jaribio kubwa la maelfu ya watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35, likiongozwa na Sunil Sazawal wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na maabara ya afya ya jamii ya Chake Chake. Wengine walipewa miligramu 12.5 za chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine kidonge kisicho na kitu. Agosti 2003 kamati iliyokuwa ikifuatilia takwimu iliamuru chuma kisimamishwe. Watoto waliokuwa wakipewa chuma walikuwa wakilazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 12. Jaribio pacha lililofanyika Nepal, mahali pasipo na malaria ya kiasi hicho, halikuona madhara hayo.

Ripoti ilipochapishwa mwaka 2006 wizara nyingi za afya zilirudi kuzitazama upya sera zao. Sehemu iliyosomwa na wachache ni hii: katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni na kutibiwa malaria mapema, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika kwa kupewa. Ni jibu la Taiwan, ila hapa limeandikwa kwa maisha ya watoto. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri chuma kitolewe kwenye maeneo ya malaria sambamba na mipango ya kuizuia, kuitambua na kuitibu.

Kwa mzazi wa Malindi au Mtwapa maana yake ni kwamba dawa ya damu haichukuliwi rafuni kama biskuti. Zahanati hupima hemoglobini. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, chini ya gramu 11.5 kwa desilita ni upungufu. Akiba ya chuma hupimwa kwa feritini, kipimo cha maabara kubwa zaidi, na hapo pana mtego: feritini hupanda mtu akiwa na homa au uvimbe, kwa hiyo mtoto mwenye malaria anaweza kuonyesha akiba nzuri asiyokuwa nayo. Apimwe akiwa mzima, au daktari azingatie homa anaposoma majibu. Na vidonge vya chuma ambavyo mama mjamzito amepewa kliniki vikae juu ya kabati. Vinafanana na peremende, na visivyozidi kumi vinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto wa kilo 10.

Upungufu wa chuma una mwenzake wa siri. Utumbo wenye njaa ya chuma hunyonya risasi zaidi, na risasi huharibu makini ya mtoto moja kwa moja, bila njia ya kurudi. Kwenye mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu hiyo kwenye udongo na miili ya wakazi tangu 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido aliyeongoza mapambano alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwingine Pwani fundi anayevunja betri uani kwake anafanya kwa udogo jambo lile lile.

Sasa sahani. Jaribio ambalo ningependa kila mwalimu mkuu wa Kilifi alisome halikufanyika Pwani, lilifanyika Embu kati ya 1998 na 2000, kwenye shule 12. Charlotte Neumann, Shannon Whaley na wenzao wa Kenya waliwapa watoto wa darasa la kwanza githeri ya saa nne asubuhi: shule nyingine iliongezwa nyama ya kusaga, nyingine maziwa, nyingine mafuta tu, na nyingine hazikupewa chochote. Waliokula nyama walipanda zaidi katika mtihani wa kufikiri kwa mafumbo ya picha. Uwanjani walicheza zaidi, wakaanzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Maziwa, kwa mshangao wa wengi, hayakuleta mpando huo.

Nyama kila siku haiko ndani ya uwezo wa nyumba nyingi za hapa. Lakini kinachodhaniwa kuwa kilifanya kazi ni chuma na zinki za mnyama, na hizo zimo kwenye dagaa, maini, kuku wa kienyeji na hata vipande viwili vya samaki wa kukaanga vilivyopondwa ndani ya mchuzi wa kunde. Kiasi kidogo cha samaki au nyama husaidia pia mwili kukamata chuma cha mboga iliyo sahani moja nacho. Kunde, mbaazi, mchicha na kisamvu vina chuma, ila kimefungwa. Ndimu, embe au ukwaju hukifungua kwa vitamini C. Unga wa ubuyu una vitamini hiyo kwa wingi, kwa hiyo lile tunda tulilolishtaki mwanzoni, likikorogwa kwenye uji bila rangi, ni mali ya bure kwa yeyote aliye na mbuyu jirani.

Chai ndiyo adui tunayempenda. Mahamri na mbaazi kwa chai ya maziwa ni staftahi isiyo na mfano, na sina nia ya kugombana na Waswahili. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula hukamata chuma kabla utumbo haujakiona. Mtoto angoje saa moja, au anywe kitu kingine. Unga nao uangaliwe. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe chuma, zinki na vitamini. Unaosagwa posho mili ya kijijini hauna nyongeza hiyo, na ndio unaoliwa Ganze. Na wapo watoto wasiokula kabisa hadi mchana. Kwao mazungumzo ya virutubisho ni ya mapema. Kikombe cha uji shuleni kingebadilisha darasa zima.

Zinki nitaimaliza kwa haraka. Majaribio ya Uturuki na Iran ya mwaka 2004 yaliona inasaidia watoto wenye ADHD, la Marekani la 2011 halikuona. Sababu inayoelekea kuwa kweli ni ile ile ya kupungukiwa. Chumvi pia: Gongoni na Marereni hutoa chumvi inayoliwa Kenya nzima, na kiwandani huongezwa madini ya iodini ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji tangu tumboni. Anayeokota chumvi ya mawe shambani akidhani ya bahari ina iodini yake amekosea, kwa maana ikikauka hubaki nayo kidogo mno.

Baada ya yote hayo atabaki mtoto ambaye damu yake ni nzuri, hana minyoo, hajawahi kupata degedege, analala chini ya chandarua, amekula samaki tangu aote meno, na bado hatulii. Huyo huenda ndiye mwenye ADHD hasa, nayo mara nyingi hurithiwa. Ukimuuliza baba yake alikuwaje shuleni, nyanya ndiye atakayecheka kwanza. Chakula hakikuileta wala hakitaiondoa. Linalomsaidia ni wazazi na mwalimu kufundishwa namna ya kumwongoza: agizo moja kwa wakati, kazi fupi fupi, kiti cha mbele, sifa ya papo hapo anapopatia. Na kwa wengine, dawa kama methilfenideti, inayoandikwa na kufuatiliwa na daktari.

Dawa hiyo ina jambo moja linalorudisha mazungumzo jikoni. Hupunguza hamu ya kula, hasa mchana, na mtoto aliyekuwa mwembamba anaweza kukonda zaidi. Kwa hiyo alishwe kabla ya kumeza: uji mzito wenye karanga au unga wa dagaa, yai akipatikana kuku wa kulitaga, viazi vitamu. Mchana asilazimishwe. Usiku dawa inapokwisha nguvu njaa hurudi, mara nyingine saa tatu au nne, wakati sufuria zimeshaoshwa. Aachiwe sahani yake, sima na samaki na mboga ya tui, na kila anapokwenda kliniki apimwe uzito na kimo.